Jiko la Gesi Nyumbani: Hitilafu za Kurekebisha Mwenyewe na Zile za Kumwachia Fundi

   Mimi ni muuguzi wa jamii hapa Machakos. Leo sitazungumza juu ya chanjo wala juu ya kuhara. Nitazungumza juu ya kitu ulicho nacho jikoni, pengine hatua mbili tu kutoka pale mtoto anapolala: jiko la gesi.

Utaniuliza, muuguzi na jiko la gesi wapi na wapi? Nitakueleza. Katika sensa ya mwaka 2019, karibu nyumba moja kati ya kila nne nchini Kenya ilitaja gesi kuwa ndiyo inayotumia zaidi kupikia. Hilo ni jambo jema. Moshi wa kuni na makaa huumiza macho na mapafu, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi kwa sababu wako mgongoni au miguuni mwa mama anapopika. Lakini wengi wetu tulinunua jiko, tukaonyeshwa namna ya kuliwasha, na hapo masomo yakaisha. Hakuna aliyetuambia la kufanya likianza kunuka, kutoa masizi au kukataa kuwaka.

Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Nilipohamia nyumba ya kupanga hapa mjini, nilinunua mtungi wa kilo 6 jioni moja, nikafunga jiko juu yake, nikapika chai, nikazima. Usiku stima ikapotea. Nilisikia harufu fulani, nikadhani ni taka za nje. Nilikuwa nimeshika kiberiti mkononi niwashe mshumaa, mara jirani yangu, mama wa makamo, akapiga kelele kutoka kwenye veranda: "Mwanangu, usiwashe! Hiyo ni gesi!" Alifungua mlango wangu, akanitoa nje na mtoto, kisha akarudi kufunga mtungi. Asubuhi tukatazama. Ile pete ndogo ya mpira pale jiko linapokutana na mtungi ilikuwa imepasuka. Pete hiyo ni ndogo kuliko pete ya kidole.

Nilikuwa na diploma ya uuguzi ukutani na sikujua jambo hilo. Kwa hiyo nikikufundisha leo sikucheki. Nakupa kile nilichopewa na jirani.

IJUE GESI KWANZA

Gesi ya kupikia imo ndani ya mtungi ikiwa majimaji, imesukumwa kwa nguvu. Ndiyo maana ukitikisa mtungi unasikia kitu kikicheza ndani. Majimaji hayo yakitoka hugeuka kuwa mvuke na kutanuka sana: lita moja ya majimaji hutoa takriban lita 250 za gesi. Kwa hiyo uvujaji mdogo unaweza kujaza chumba kidogo.

Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu kali, kama ya kabichi au mayai yaliyooza, hutiwa makusudi ili ikuonye. Usiizoee. Na mkiwa na mafua nyumbani kumbukeni kwamba pua iliyoziba haiwezi kuonya.

Jambo la tatu ni la muhimu sana: gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi. Hushuka chini, ikatambaa sakafuni, ikajificha chini ya kitanda na nyuma ya pazia. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia: huku jikoni, huku kitandani. Kama mtoto amelala kwenye godoro lililowekwa chini, yeye ndiye wa kwanza kufikiwa na gesi, na wewe uliyesimama unaweza kuchelewa kuinusa. Ndiyo maana kufungua dirisha la juu peke yake hakutoshi. Fungua mlango, ili gesi itoke kwa chini.

UKISIKIA HARUFU YA GESI

Fanya hivi, kwa utaratibu huu:

1. Zima kila moto unaowaka ndani: jiko, mshumaa, taa ya chemli, jiko la makaa, sigara.
2. Usiguse swichi yoyote ya stima. Kama taa inawaka, iache iwake. Kama imezima, iache ilivyo. Swichi hutoa cheche ndogo usiyoiona, nayo yatosha. Usipige simu ukiwa humo ndani.
3. Funga mtungi.
4. Fungua milango na madirisha yote.
5. Toa watoto na wagonjwa nje, kisha waonye majirani wasiwashe moto karibu.
6. Kama waweza kuubeba mtungi kwa usalama, upeleke nje mahali wazi, mbali na moto na mtaro, ukiwa umesimama wima.
7. Usirudi ndani mpaka harufu iishe kabisa.

Kama harufu ni kali mno, au unasikia gesi ikitoa sauti ya "sss," usijaribu kuwa shujaa. Beba watoto utoke. Nyumba hujengwa tena. Ukiwa mbali, piga simu ya dharura, 999 au 112.

JINSI YA KUTAFUTA PANAPOVUJA

Usitafute panapovuja kwa kiberiti. Narudia: usitafute kwa kiberiti, hata kama umemwona fundi akifanya hivyo. Tumia sabuni.

Chukua kikombe cha maji, tia sabuni ya unga au ya maji, koroga mpaka itoe povu. Hakikisha hakuna moto karibu na dirisha liko wazi. Fungua mtungi lakini usiwashe jiko. Kwa kitambaa au sponji, paka povu mahali hapa: pale mtungi unapokutana na rejuleta, yaani kile kifaa kinachofungwa juu ya mtungi kupunguza nguvu ya gesi, pale mpira unapoingia kwenye rejuleta, mpira wote mpaka mwisho, na pale unapoingia kwenye jiko. Kama jiko lako hukaa juu ya mtungi, paka pale linapofungiwa na kuzunguka kile kishikio cha kufungulia gesi.

Tazama kwa makini. Povu likitulia, ni salama. Mapovu yakianza kufura na kuongezeka, hapo panavuja. Funga mtungi mara moja.

Jaribio hili halichukui dakika tano. Lifanye kila unapobadilisha mtungi, na mara moja kila mwezi. Mimi hulifanya siku ile ile ninayopima watoto kliniki, ili nisisahau.

SASA TUJE KWENYE HITILAFU ZENYEWE

Hitilafu ya kwanza: gesi inavuja kwenye kiungo

Mara nyingi sababu ni ile pete ya mpira niliyokueleza. Hukauka, ikapasuka, au ikaanguka wakati wa kubadilisha mtungi bila wewe kuona. Kabla ya kufunga jiko au rejuleta, tazama kama pete ipo, ni laini, na haina ufa. Pete ya jiko au ya rejuleta huuzwa rahisi. Peleka ile ya zamani dukani ulinganishe ukubwa. Usiweke pete ya kukata kutoka kwenye ndara au tyubu ya baiskeli, kwa maana gesi huila. Lakini kama pete mbovu ni ile iliyo ndani ya kichwa cha mtungi wenyewe, usiichokoe. Rudisha mtungi ubadilishiwe.

Funga kwa mkono mpaka ikaze. Usitumie koleo. Ukikaza kupita kiasi utaipasua pete au utaharibu mizinga, na mtungi utavuja zaidi. Kama pete ni nzima na bado panavuja, rudisha mtungi ulikonunua.

Hitilafu ya pili: mpira umezeeka

Huu ni ule mpira mrefu, mara nyingi wa rangi ya machungwa, unaotoka kwenye mtungi kwenda kwenye jiko la bana mbili au zaidi. Ukunje kidogo kwa vidole. Ukiona nyufa ndogo, ukiwa mgumu kama mti, ukinata, au ukiwa na alama ya kuungua au ya meno ya panya, usiutie viraka. Usiufunge kwa nailoni wala utepe wa fundi stima. Nunua mwingine wa gesi. Mpira wa kumwagilia maji si wa gesi, hata ukiingia vizuri.

Kila upande uwe na klipu ya chuma yenye skrubu. Waya wa kufungia ua si klipu. Mpira usipite nyuma ya jiko palipo na joto, usibanwe na mguu wa meza, na usiwe mrefu wa kuburuzika chini ambako mtoto ataukanyaga au kuuvuta. Angalia pia tarehe iliyochapwa juu ya mpira. Ikiwa imepita, ubadilishe hata kama unaonekana mzima.

Hitilafu ya tatu: moto wa manjano na masizi kwenye sufuria

Moto mzuri wa gesi ni wa buluu, umetulia. Ukiona moto wa rangi ya machungwa kwa muda mfupi unapofagia, hilo ni vumbi tu, usiwe na wasiwasi. Lakini moto ukiwa wa manjano muda wote, na sufuria inakuwa nyeusi chini, jiko linakuambia kwamba gesi haipati hewa ya kutosha. Hapo unapoteza pesa, kwa sababu gesi haiungui yote. Na la hatari zaidi, moto huo unaweza kutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu walio ndani huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, hulegea. Mama wengine husema ni malaria. Kama nyote mnaumwa kichwa mkiwa ndani na mnapata nafuu mkitoka nje, shuku jiko. Tokeni nje muende kituo cha afya.

Sababu kubwa ni uchafu. Uji umefurika, maharagwe yamemwagika, mafuta yameganda, au buibui amejenga ndani ya bomba la hewa. Safisha hivi:

Funga mtungi. Acha jiko lipoe kabisa. Ondoa bana, yaani kile kichwa chenye matundu ambapo moto hutokea. Loweka kwa maji moto na sabuni kwa nusu saa. Sugua kwa brashi ya meno ya zamani. Zibua matundu kwa kijiti cha meno, kimoja kimoja. Suuza, kung'uta, kisha anika juani mpaka ikauke kabisa, kwa sababu bana yenye maji haitawaka vizuri. Irudishe ikae sawa mahali pake. Bana iliyokaa upande hutoa moto wa manjano hata ikiwa safi.

Chini ya bana kuna kitundu kidogo sana kinachotoa gesi. Mafundi hukiita nozeli. Pangusa juu yake kwa brashi kavu tu. Usikitoboe kwa sindano wala msumari. Kikipanuka, gesi itatoka nyingi kuliko ilivyopangwa na moto utaruka.

Kama umesafisha na moto bado ni wa manjano, angalia kama mtungi unaelekea kuisha. Ikiwa bado umejaa, mwite fundi.

Hitilafu ya nne: jiko halitaki kuwaka

Usianze kulaumu jiko. Uliza maswali haya: Je, mtungi umefunguliwa? Je, rejuleta imekaa vizuri na imewashwa? Je, mpira umekunjika mahali? Je, gesi imekwisha? Kama jiko hujiwasha kwa cheche, huenda ile ncha ya kutoa cheche imelowa maji au imeshika mafuta. Ipanguse kwa kitambaa kikavu. Kama hutumia betri, badilisha betri.

Ukiwasha kwa kiberiti, shika kanuni hii na uwafundishe watoto wakubwa: kiberiti kwanza, gesi baadaye. Washa njiti, isogeze kwenye bana, ndipo ufungue gesi kidogo kidogo. Ukifungua gesi kwanza kisha ukaanza kutafuta kiberiti, gesi inakungojea, na ukiwasha itakurukia usoni. Nyusi nyingi zimeungua hivyo. Kama jiko halikuwaka kwa sekunde chache, funga, ngoja dakika tano mlango ukiwa wazi, kisha ujaribu tena.

Hitilafu ya tano: moto ni dhaifu au unarukaruka

Kama bana moja tu ni dhaifu, imeziba. Isafishe kama nilivyoeleza. Kama bana zote ni dhaifu, huenda mpira umekunjika, gesi inaisha, au rejuleta imechoka.

Hapa kuna mazoea mabaya ambayo lazima niyataje. Gesi ikikaribia kuisha wengine huulaza mtungi chini, wengine huutikisa, wengine huuweka kwenye beseni la maji moto au juani. Ukiulaza, yale majimaji hutoka badala ya mvuke, na moto huweza kuruka mpaka darini. Ukiupasha moto, nguvu ndani ya mtungi huongezeka. Mama, gesi ikiisha imeisha. Uji uliobaki nusu umalizie kwa jirani.

Moto ukiinuka juu ya bana kwa kelele, au ukirudi nyuma na kuwaka ndani ya bana kwa mlio wa "pu," zima jiko, funga mtungi, acha lipoe. Kagua kama bana imekaa sawa na ni safi. Ikirudia mara ya pili, usilitumie mpaka fundi aje. Huenda rejuleta inapitisha gesi kwa nguvu kupita kiasi.

Hitilafu ya sita: kifundo kimekaza

Kifundo cha kufungulia gesi kikiwa kigumu, usikivunje kwa koleo na usitie mafuta ya kupikia. Mafuta hayo huganda na joto na kukikaza zaidi. Kiondoe, kioshe, kikaushe, ukirudishe. Kama ugumu uko ndani, hiyo ni kazi ya fundi, naye ana grisi maalumu ya kazi hiyo.

KAZI AMBAZO SI ZETU

Kuna mambo matatu ambayo mimi na wewe hatuyagusi: kichwa cha mtungi panapotokea gesi, ndani ya rejuleta, na mtungi wenyewe. Rejuleta haifunguliwi, hubadilishwa. Mtungi wenye kutu inayobanduka, uliobonyea au uliochomelewa, ukatae dukani.

Wala usikubali gesi ihamishwe kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, hata ukiambiwa ni bei nafuu. Kanuni za gesi za mwaka 2019 haziruhusu mtu kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini ya maandishi ya mwenye mtungi. Tulijifunza kwa uchungu tarehe 1 Februari 2024 usiku, gesi ilipolipuka mtaa wa Mradi, Embakasi, jijini Nairobi. Watu walifariki na zaidi ya 200 walijeruhiwa, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, ilisema maombi ya kibali cha kituo mahali hapo yalikuwa yamekataliwa. Anayejaza kwa siri hajali mtungi wako una ufa au la.

Ukinunua, angalia kifuniko cha plastiki kiwe hakijaguswa, kisha omba upimiwe kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye chuma. Ukiwa kilo 7.5, mtungi wa gesi ya kilo 6 uliojaa uwe kilo 13.5. Usione haya kuuliza. Pesa ni zako.

MAHALI PA KUWEKA JIKO

Mtungi usimame wima, mahali penye hewa, mbali na jiko la makaa na kitanda. Usiku ufungwe kwenye mtungi wenyewe. Kuzima kifundo cha jiko peke yake hakutoshi.

Wewe unayetumia jiko linalokaa juu ya mtungi, sikiliza vizuri. Jiko hili ni zuri kwa chai, mboga na uji. Lakini najua hapa Ukambani muthokoi na isyo hupikwa kwa masaa, na kwa sufuria ya watu kumi. Sufuria kubwa juu ya mtungi mdogo huyumba, na joto hurudishwa chini kwenye mtungi. Watoto wengi ninaowafunga vidonda hawakuunguzwa na gesi kulipuka. Waliunguzwa na sufuria iliyoanguka. Pika isyo kwa sufuria ndogo mara mbili, au loweka nafaka usiku kucha ili ziive upesi. Weka mtungi pembeni ya chumba ambapo hakuna apitaye, kisha chora mstari sakafuni kwa chaki au makaa: mtoto asipite hapa.

MTU AKIUNGUA

Nguo zikishika moto, asikimbie. Alale chini na abingirike, au mfunike kwa blanketi. Mafuta yakiwaka kwenye sufuria, usimwage maji. Zima gesi na ufunike kwa kifuniko. Moto ukiwaka kwenye mpira, funga mtungi kama waweza kuufikia bila kuungua. Kama huwezi, toka, kisha upige simu.

Aliyeungua, mwagie maji baridi safi kwa dakika 20. Najua maji ni shida sehemu nyingi za kwetu. Tumia ya jerikeni, mwaga polepole kwa kikombe juu ya kidonda. Usitumie barafu. Mvue pete, bangili na nguo zisizogandamana na ngozi. Funika kidonda kwa kitambaa safi, na sehemu nyingine za mwili ziwe na joto, hasa kwa mtoto. Usipake dawa ya meno, unga, yai, samli wala majivu. Vitu hivyo hufungia joto ndani na kuleta vijidudu, nasi huko kituoni hulazimika kuviosha upya huku mtoto akilia.

Mpeleke kituo cha afya mara moja kama aliyeungua ni mtoto mchanga, kama kidonda ni kikubwa kuliko kiganja chake, kama kiko usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye viungo, kama kina malengelenge, au kama alivuta moshi. Kituo kikiona ni lazima, kitampeleka hospitali kubwa kama Machakos Level 5.

MWISHO

Mama mmoja aliniambia baada ya kusikia habari za Embakasi kwamba amerudi kwenye makaa, kwa sababu gesi inamwogopesha. Nilimwelewa. Lakini jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, hasa baridi ya Julai kule Mua na Iveti, huua watu usingizini bila mlio wowote. Gesi walau hunuka, na moto wake hubadilika rangi kabla mambo hayajaharibika. Haifai kuitoroka. Inafaa uijue dalili yake, kama unavyojua kilio cha mwanao: hiki cha njaa, hiki cha ugonjwa.

Yule jirani yangu hakuwa fundi. Alijua tu harufu, na alijua la kufanya. Leo nawe unajua. Kabla ya kulala usiku, mweleze mtu mmoja.

MAMBO YA KUKUMBUKA

• Harufu ya gesi: hakuna kiberiti, hakuna swichi, hakuna simu ndani. Funga mtungi, fungua mlango, toa watoto.
• Tafuta panapovuja kwa povu la sabuni.
• Moto wa buluu ni mzuri. Moto wa manjano unataka usafi.
• Kiberiti kwanza, gesi baadaye.
• Pete, klipu na mpira ni kazi yako. Kichwa cha mtungi na rejuleta si kazi yako.
• Kuungua: maji baridi dakika 20, kisha kituo cha afya.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, nyumbani kwako mtungi uko umbali gani na mahali mtoto anapolala? Unaweza kuusogeza wapi?
2. Mara ya mwisho ulitazama pete na mpira lini?
3. Usiku stima imepotea na unasikia harufu ya gesi. Mwanakikundi mmoja aonyeshe atakavyofanya, wengine watazame kama amesahau hatua.
4. Ni vitu gani ambavyo watu wa kijijini kwenu hupaka kidonda cha moto? Mtawashaurije?